Nani Angeniambia Habari ya Sikio Langu

Ninyi wasichana mliotoka shuleni mwaka huu, na kanzu zenu nyeupe bado zina mikunjo ya dukani, mmeniomba niwaambie jambo kuhusu kazi ya ukunga. Nadhani mlitaka niwaeleze namna ya kumpokea mtoto anayetanguliza matako, au namna ya kumtuliza mwanamke anayeuma godoro. Hayo mtayajua. Mikono hujifunza upesi kuliko mnavyofikiri. Mimi nitawaeleza kuhusu woga, maana nimekaa nao katika maternite moja, nyumba ya kuzalishia, hapa mjini Baraka karibu umri wangu wote wa kazi, na hata sasa nimestaafu bado unakuja kunisalimia asubuhi kabla sijanywa chai.

Jina langu la nyumbani mnalijua, Mama Mauwa, kwa ajili ya binti yangu wa kwanza. Nimepokea watoto wa mji huu mpaka nikaanza kupokea watoto wa watoto hao. Nikienda sokoni siwezi kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa amani. Muuzaji ananiongezea kiganja kizima, halafu anawatangazia wenzake kwamba mimi ndiye niliyemkata kitovu, na mimi nasimama pale na kikapu changu nikijaribu kukumbuka huyu alikuwa yupi. Wote walikuwa wekundu na wote walikuwa wakilia. Siwezi kumwambia hivyo mwanamume mwenye ndevu.

Sasa, kuna desturi yetu ambayo huko shuleni hamkufundishwa. Mtu aliyekupokea siku uliyozaliwa humsemi vibaya. Ukisema mikono yake ni mibaya, unajilaani mwenyewe, kwa kuwa ulipita humo. Nilipokuwa kijana niliiona desturi hiyo ni tamu sana, na ndagala za bure nilizila. Lakini hebu fikirini maana yake kwa mkunga aliyezeeka kazini. Muuguzi mkuu wa kituo, yule tuliyemwita titulaire, nilimpokea mimi. Wakunga vijana nilifanya nao kazi, na karibu wote niliwapokea mimi. Kwa hiyo chumba kizima kimejaa watu ambao hawawezi kufungua kinywa mbele yako. Siku ukikosea, watakuletea kiti ukae.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Mimi nilifundishwa na Mama Feza, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mkulima, ambaye hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Wakati huo mashine hazikuwapo. Tulikuwa na pinari tu, ile pembe ndogo ya mti: upande mmoja unauweka kwenye tumbo la mama, upande mwingine unauweka sikioni, na unasikiliza moyo wa mtoto. Mama Feza alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alisikiliza yeye kwanza, huku kidole chake kikigonga juu ya mkono wangu kila pigo alilolisikia. Kisha nilisikiliza mimi, nikigonga juu ya mkono wake. Nikigonga vibaya alinifinya. Siku za kwanza nilirudi nyumbani na mkono wenye alama, na mama yangu akadhani nimepigana sokoni.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba pinari ikishakaa vizuri unaiachia, huishiki tena kwa vidole, kwa kuwa vidole vina mapigo yao na vitakudanganya. Na mkono wako mwingine umshike mama kifundo cha mkono. Ukisikia mapigo ya pinari yanakwenda pamoja na ya kifundo, hujamsikia mtoto, umemsikia mama. Shikeni hilo. Hata leo, na vifaa vyenu, lishikeni.

Jambo jingine alilofanya lilinitisha kuliko kufinywa. Kila baada ya kuzalisha, akiwa ananawa, aliniuliza, "Niambie kimoja nilifanya mubaya." Mimi, mwanafunzi wa juzi, ningesema nini? Nilisema hakuna. "Basi haukukuwa humu ndani," aliniambia. "Toka, enda ufue." Nilifua mashuka ya damu ya siku mbili peke yangu. Mara nyingine aliponiuliza, nilifumba macho nikamwambia alimkaripia yule mama hadi akaogopa kusukuma. Mama Feza aliacha kunawa. Nilisubiri kofi. Akafuta mikono, akarudi kitandani kwa yule mama akamwambia pole, halafu akaja kunipa nusu ya kiazi chake. 

Mama Feza alipofariki nikawa mimi mkubwa wa chumba. Sikuuliza swali lake kwa mtu yeyote. Nilijiambia vijana hawa wana aibu, mbona niwatese.

Kisha zikaja kamashini za betri. Mnazijua, zile ambazo unapaka ute kwenye tumbo na moyo wa mtoto unasikika chumba kizima. Siku ya kwanza tulicheka sote, akina mama walikuwa wakiomba wasikilizishwe tena na tena, na mmoja akaniambia mtoto wake anakimbia hivyo kwa sababu anamfuata baba yake Kigoma. Lakini ute uliisha, mtu mmoja akajaribu mawese, nayo kamashini haikupenda mawese. Betri nazo zikahamia kwenye redio, sitasema ya nani. Tukarudi kwenye pinari, na mimi nilifurahi, kwa maana pinari ilikuwa ni yangu.

Woga ulianza siku ya Riziki.

Riziki alikuwa mwuza mihogo, mwanamke mchangamfu, mimba yake ya tatu. Alikuja mapema asubuhi, akajifungua kabla jua halijapata nguvu. Nilimsikiliza mara kadhaa na kila mara nilisikia moyo unaokimbia vizuri, nikamwambia tulia, mtoto wako ana nguvu. Mtoto akatoka amelegea, rangi ya majivu, kitovu kimemzunguka shingo. Hakulia. Tulimpulizia hewa, tukamfikicha mgongo, nikamwita jina ambalo hakuwa nalo bado. Mwishowe akakohoa, akalia kidogo, kisha akalia sana. Huko nje shangazi zake wakapiga vigelegele. Kesho yake Riziki aliniletea jogoo, akapiga magoti.

Yule jogoo nilishindwa kumla. Nilikaa naye uani nikimtazama. Mtoto mwenye moyo niliousikia hatoki akiwa vile. Inaweza kutokea, ndiyo, kitovu hukaza mwishoni, na mtu yeyote angeniambia hivyo. Lakini nilikuwa nimeanza kukumbuka mambo mengine. Kanisani nilikuwa namwuliza jirani ni wimbo gani. Simu niliishika sikio moja, nikahamisha, nikarudisha. Katika sikio langu la kusikilizia kulikuwa na mvumo usiokwisha, kama mvua juu ya mabati ya jirani.

Mnaishi hapa, mnajua tunavyoogopa. Mlio wa bunduki milimani tunaujua, na watu wakishuka kutoka upande wa Kilembwe na magodoro vichwani tunajua kufunga mzigo haraka. Lakini woga ule una pa kwenda, unabeba watoto unaondoka. Huu wangu haukuwa na pa kwenda. Niliamka nao, nikavaa kanzu juu yake, nikaenda nao kazini kuinamia matumbo ya wanawake walioniamini.

Nikaamua kuuliza. Nilianza na titulaire, nikajifungia naye ofisini kwake.

"Wilondja, mutoto wangu, mi niko naona sikio yangu inapotea. We unaona namna gani?"

Alicheka, kisha akaona sicheki, akasimama kabisa kwa heshima. "Mama, we njo ulinipokea. Unataka mi niseme nini? Uko muzuri. Uchovu tu, chukua siku mbili upumuzike."

Nilimwuliza Aline, mkunga kijana aliyekuwa zamu yangu mara nyingi, msichana mtulivu wa vidole virefu. Nilimwuliza tukiwa wawili tu. Aliinamisha macho. "Hakuna kitu, mama," alisema, akaenda kupanga pamba ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Nilimwuliza mume wangu. Huyo alijibu bila hata kugeuka. "We? We unasikiaka hata kile mi sijasema." Nilicheka, kisha nikaona kwamba kila mmoja aliniambia niko sawa na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni.

Mngeweza kusema, si ungeacha tu kazi. Kuacha kazi kungekuwa rahisi kama si Mauwa.

Mauwa binti yangu alikuwa ameolewa Uvira. Mimba yake ya kwanza mtoto alifia tumboni siku ya kuzaliwa, na hakuna aliyejua mpaka alipotoka. Mauwa hakuwahi kulia mbele yangu kwa ajili ya jambo hilo, alipunguza maneno tu, akawa mtu wa maneno machache. Aliposhika mimba tena alipakia vitu vyake kwenye gari akaja Baraka mimba ikiwa na miezi saba, akaweka mfuko wake katika chumba alicholelewa, akaniambia, "Mama, mara hii ni we tu. Sitaki mutu mwengine anigusie tumbo." Kila jioni alinipa tumbo lake nimsikilizie. Nilisikiliza. Nilisikia moyo mzuri, mwepesi, nikamwambia yuko salama, naye akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa namwambia mwanangu neno ambalo sikujua kama ni la kweli, na tarehe yake ilikuwa inakaribia.

Basi nikamkumbuka Sifa.

Sifa alikuwa mkunga wa Mboko. Tulifundishwa pamoja na Mama Feza, tulifinywa pamoja. Mimi sikumpokea, yeye hakunipokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyepokea watoto wa mwenzake, kwa hiyo kati yetu haikuwapo ile heshima inayofunga kinywa. Pia alikuwa na ulimi. Siku ya harusi yangu aliniambia, mbele ya shangazi zangu, kwamba gauni lile linanifanya nionekane kama gunia la mihogo lililofungwa vibaya. Nilimnunia miaka. Nilipoona picha baadaye nikakuta ni gunia la mihogo kabisa. Lakini sikuwahi kumpelekea habari hiyo.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Mboko, nikiwa nimemwambia Mauwa naenda kumwona mgonjwa. Njia yote mihogo ilikuwa imeanikwa kando ya barabara, ziwa upande mmoja limetulia, na kwenye kizuizi askari aliniuliza naenda wapi na kufanya nini. Nilimjibu naenda kupimwa. Alinitazama kichwa hadi miguu akaniambia pole, mama. Hiyo pole ilikuwa nusura inirudishe. Nilikuwa namwogopa Sifa kuliko yeye na bunduki yake.

Nilimkuta akila bugali na samaki mukeke. Hakuinuka. "We haukujaka bure," alisema. "Kaa. Kula. Sema."

Nikamweleza yote, hata jogoo. Nilitarajia aniambie ni uzee, sote tunazeeka, namna ile wanawake wa umri wetu tunavyopozana. Sifa alilamba vidole. "Kesho ni siku ya kupima bamama benye mimba," alisema. "Lala hapa. Kesho nitakupima na we."

Asubuhi alinisubirisha nje mpaka alipomaliza kupanga mambo yake, akaniita. Nyuma ya pazia kulikuwa na vitanda vitatu. Juu ya kila kitanda alilala mwanamke aliyefunikwa vitenge tangu kichwani mpaka miguuni, na palipoachwa wazi ni mahali pa kutosha pinari tu. Sifa alisimama kando yangu akanipa mkono wake.

"Mukono mwengine nyuma," alisema. "Usipapase. Mikono yako inajua sana, itakusaidia, na mi sitaki ikusaidie. Sikio tu. Gonga."

Nikainama kwa wa kwanza. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Nilisikia moyo, hafifu kidogo, kisha nikausikia vizuri, nikagonga juu ya mkono wa Sifa. Kwa wa pili nilisikia pia, nikagonga. Kwa wa tatu moyo ulisikika kuliko wote, mwepesi, umepangika, na kifua changu kikafunguka kidogo. Nikagonga kwa furaha. Nilikuwa nishaanza kutabasamu, maana niliona nilijisumbua bure na nitarudi Baraka kwa Mauwa na moyo mweupe.

 Sifa akafunua kitenge cha yule wa tatu.

Alikuwa mama mnene aliyewapikia wagonjwa uji, bibi mwenye wajukuu wakubwa, ambaye hakuwa amebeba mimba tangu wakati ambao sisi wenyewe tulikuwa wasichana. Alikuwa amejizuia kucheka muda wote na sasa akapasuka, akapiga mapaja. Halafu akauona uso wangu. Akanyamaza, akajifunga kitenge chake, akatoka polepole bila kuaga.

Sifa alinishika kifundo cha mkono. Kwa kidole cha mkono wake mwingine akaanza kugonga juu ya meza mapigo yangu mwenyewe. Yalikuwa yale yale. Ule wepesi, ule mpangilio. Niliyatambua mara moja.

"Ni yako," alisema. "Moyo yako mwenyewe, inapiga ndani ya sikio. Uko na woga, njo maana inakimbia sawa ya mutoto. Bote batatu uligonga kitu kimoja."

Mnaelewa kilichonitisha? Kadiri nilivyoogopa zaidi, ndivyo nilivyosikia mtoto mzima zaidi. Kila jioni juu ya tumbo la Mauwa, nilikuwa naisikiliza hofu yangu na kumwambia mwanangu kwamba mtoto yuko salama. Nilikaa chini sakafuni. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Sifa hakunibembeleza. Aliniletea maji kwenye kikombe cha bati akasubiri nimalize.

"Tangu siku gani, Sifa?"

"Mi najuaje? Bale unafanyaka nabo kazi njo banajua. Baulize." Kisha akakaa sakafuni kando yangu, kwa shida, magoti yake yalikuwa mabaya. "Mikono yako iko. Kinywa yako iko. Sikio imeenda. Patia mwengine kazi ya sikio, we fanya ingine."

Nilipokuwa napanda moto kurudi, nilimwambia ile habari ya picha za harusi. Alisema alijua nitakuja kumwambia, ila alidhani nitakuja mapema.

Kama kuna kitu nataka mchukue kwangu, chukueni hiki. Mtafuteni Sifa wenu sasa, mkiwa bado vijana na watu bado wanathubutu kuwasema. Awe mtu anayejua kazi, awe mtu asiyewaogopa na asiyewategemea, na msimwulize kama mko sawa, kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu mdomoni mwa kila mtu mwenye adabu. Mwombeni awapime. Na siku akiwaambia, msimnunie kama mimi. Miaka niliyomnunia Sifa ilikuwa ni miaka ambayo angeweza kuniambia mengi.

Niliporudi nilimweleza titulaire yote, naye akanisihi nisitangaze. Alisema akina mama watakimbia, watarudi kuzalia nyumbani. Nilimwambia nitaendelea kuwashika mikono na kuwapokea watoto, lakini pinari sitaigusa tena, na akitaka kunifukuza anifukuze. Alikataa kunifukuza, alionekana kama mtu aliyetua mzigo, na jambo hilo nalo liliniumiza.

Mauwa nilimkuta jikoni anatwanga sombe, majani ya mihogo. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Aliendelea kutwanga, kisha akaacha mchi ndani ya kinu.

"Kila mangaribi ulikuwa unaniambia anapiga muzuri."

"Ndiyo."

"Kumbe haukukuwa unamusikia."

"Sikumusikia, Mauwa."

Aliweka mkono juu ya tumbo. Macho yake yalikuwa yale aliyorudi nayo kutoka Uvira. "Basi mi nilikuja huku juu ya nini?"

 Nilimwambia Aline atasikiliza. Alisema Aline ni mtoto. Nilimwambia Aline ana masikio, na siku hiyo tulikwenda wawili kwenye maternite, Aline akasikiliza, akasema yupo na anapiga. Mauwa hakuniuliza chochote njia nzima ya kurudi, na hakunipa tena tumbo lake jioni.

Uchungu ulimshika asubuhi ya siku yenye jua, mabati yakianza kulia kwa joto. Nilimfuata hadi maternite nikiwa nyuma yake, kwa maana hakutaka nimshike. Kitandani, uchungu ulipozidi, alinitafuta mkono mwenyewe. Aline aliingia, akachukua pinari, na kwa heshima ya mwanamke aliyepokelewa na mimi akanipa kwa mikono miwili nianze.

Sikuipokea. "Mi siko nasikia tena," nilisema, kwa sauti, wote mle ndani wasikie. "Sikiliza we. Na uniambie ya kweli, hata ikiwa mubaya."

Aline akainama. Uchungu ulikuja, ukapita, akainama tena. Nilimtazama uso wake kwa namna ambayo akina mama walikuwa wakinitazama mimi miaka yote ile, nikajua jinsi ilivyo kuwa upande huo. Akainuka.

"Iko sawa, mama," alisema.

Hakunitazama.

"Aline."

Akatazama mlango. Akamtazama Mauwa. Nilielewa kwamba ananiogopa mimi kuliko alichokisikia. Nilimwekea mkono wangu mbele yake, kiganja chini, juu ya shuka. "Gonga," nilimwambia. Akainama mara ya tatu, na kidole chake kikaanza kugonga juu ya mkono wangu. Kiligonga upesi. Kisha uchungu ukaja na kidole kikachelewa. Uchungu ukaisha, na kidole kikaendelea kuchelewa. Nilisubiri kirudi kwenye mbio zake. Hakikurudi.

"Hapana," Aline alisema, na sasa alinitazama. "Haiko sawa, mama. Anachoka. Tumupeleke hospitali kubwa sasa hivi."

Hilo lilikuwa neno baya la kwanza ambalo mtu niliyempokea aliniambia kazini. Tulikimbia na machela katika jua, mimi nikishika mpini wa mbele, sijui nguvu nilizipata wapi. Walimpasua Mauwa mara tulipofika. Mimi nilikaa ukutani nje ya mlango ule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuweza kufanya lolote, hata kusikiliza.  Mlango ulipofunguliwa nilimsikia mtoto, hata mimi na sikio langu. Alikuwa msichana, amechoka, analia kwa hasira.

Ilikuwa mchana Mauwa aliponiita kitandani. Hakuniomba msamaha na mimi sikuwa na cha kudai. Alivuta tu mkono wangu akauweka juu ya mtoto.

Baadaye nilitoka nikamkuta Aline ameketi kwenye benchi la nje, kanzu yake ina damu ya mwanangu. Niliketi kando yake. Nilimshukuru, akakubali kwa kichwa. Kisha nikamwuliza kile Sifa aliniambia niulize.

"Mulijua tangu lini?"

"Zamani kidogo, mama. Sisi bote."

"Na mulinyamaza."

"Ukimaliza kumusikiliza mama, ukitoka inje, mumoja wetu alikuwa anarudia kumusikiliza nyuma yako. Tulikuwa tunapeana zamu." Alisugua damu iliyokauka kwenye kidole. "Siku ya Riziki ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeenda kuchota maji."

 Wale wasichana niliodhani nawasimamia, walikuwa wakinipitia nyuma, kimya kimya, kwa adabu, tumbo baada ya tumbo. Kisha nikakumbuka siku za Jumapili. Kila Jumapili asubuhi niliwaachia wote waende kusali na nikabaki zamu peke yangu, na nilijisifia sana kwa jambo hilo.

"Na siku ya Mungu?" nilimwuliza. "Pale mulikuwa munaniacha mi peke yangu?"

Aline hakuinua macho.

"Pale tulikuwa tunaomba, mama," alisema. "Tulikuwa tunaomba tu mwanamuke yeyote asikuje."